Uani kwa Mama Mwanvua

Asya, jirani yetu wa mtaa wa Buyenzi mwenye duka la dawa, hakuwahi kumheshimu mtu aliyeogopa kitu asichoweza kukionyesha kwa kidole. Waliokuja kumwambia mtoto wao karogwa aliwauzia dawa ya minyoo, kisha akawasindikiza kwa jicho mpaka mlangoni, jicho ambalo liliwafanya wasirudi tena kueleza. Hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka na wajinga tu, na kwa hesabu yake wajinga walikuwa wengi, kaka yake Yasser akiwa wa kwanza.

Yasser alikuwa mtu wa kununua kitu kwanza na kukitafutia sababu baadaye. Safari ile kilikuwa mashua ya tanga, nyeupe, ya kulala watu wanne, aliyoichukua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Bujumbura. Alinunua na kofia ya nahodha. Alipokwisha kupiga picha za kutosha mbele ya hoteli za ufukweni, alimwambia dada yake waende wautembee mwambao wote wa ziwa hadi Nyanza-Lac kusini, siku nne, wakitia nanga popote palipo pazuri. Asya alikubali kwa sababu alipenda kuogelea, na kwa sababu hakuona kaka yake angerudije salama bila mtu mwenye akili ndani ya chombo.

Walilala Rumonge. Asubuhi yake, Jumamosi, mji uliamka kama kawaida: malori ya mawese yakipiga honi bandarini, muziki wa Kikongo ukitoka kwenye kibanda cha chai, wanawake wakitandaza ndagala, dagaa wa ziwani, juani. Hapo ndipo Yasser alipompata mtu wa kuwaongoza, mzee mmoja mvuvi aitwaye Pontiani, aliyezaliwa kusini huko, akakulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na kuzeekea ziwani. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuvua kofia kila alipoongea na mtu. Asya hakumpenda. Unyenyekevu wa namna ile ulimtia shaka.

Mwanamke mmoja muuza samaki, Mariyamu, alikuwa akiwatazama wakipakia mikate na maji.

"Mzee Ponti," akasema, "mutapita Misozi?"

"Tutapita mbali."

"Mbali ni wapi?"

Pontiani akajifanya anakunja kamba ambayo ilikwisha kukunjwa.

Wakaondoka. Upepo wa asubuhi ulishuka kutoka milimani, ukalijaza tanga, na mashua ikakata maji kwa utulivu hata Asya akakubali moyoni kwamba mara hii kaka yake alinunua kitu cha maana. Michikichi ya Kizuka ikapita upande wa kushoto, safu kwa safu. Upande wa kulia, mbali, milima ya Kongo ilikuwa kama moshi. Yasser alishika usukani na kuwacheka wavuvi waliokuwa kwenye mitumbwi. Aliwaona hawana maendeleo. Aliwaona wanaogopa ziwa ambalo wanalila kila siku. Pontiani alitikisa kichwa kukubali kila neno, na Asya aliwadharau wote wawili sawasawa, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kuitikia.

"Misozi ni nini?" akamuuliza mzee.

"Ni vilima, dada. Vilikuwa vilima. Ziwa lilipopanda mwaka ule, maji yakazunguka. Sasa ni visiwa."

"Na watu?"

"Walihamishwa."

Alisema hivyo akitazama miguu yake.

Karibu saa sita mchana upepo ulikatika. Haukupungua, ulikatika. Tanga likalala kwenye mlingoti kama shuka lililoanikwa, na ziwa likawa jeupe, bila kunyanzi hata moja. Mbele yao vilikuwapo visiwa vitatu vidogo vya mawe na nyasi, karibu karibu, na katikati yake maji ya kijani kibichi yaliyotulia kabisa. Palikuwa pazuri. Asya mwenyewe alipaona pazuri.

"Hapa tutatia nanga," akasema Yasser. "Tule, tuogelee, tungoje upepo."

Pontiani akavua kofia. "Patroni, hapa si pa kusimama. Tuwashe mota, twende hadi Nyanza-Lac. Ni mwendo mufupi."

"Mtu hanunui tanga ili aunguruze mota. Sababu gani hapa si pa kusimama?"

"Maji yake si mazuri."

"Yamefanya nini, yameharibika?"

Mzee alipoambiwa atupe nanga, aliirudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa kuchapwa. Yasser akacheka, akaitupa mwenyewe. Kamba ilishuka kidogo tu. Kina hakikuzidi watu watatu waliosimamiana mabegani.

Asya alivaa nguo zake za kuogelea, akafunga kilemba vizuri, akavaa miwani ya majini na kujitosa.

Chini ya mashua kulikuwa na kijiji.

Alikitazama bila hofu, kama mtu anayetazama picha ya zamani. Michikichi iliyokufa ilikuwa bado imesimama, haina vichwa. Kuta za matofali ya udongo zilikwisha kuyeyuka nusu. Kila kitu kilifunikwa na ute wa kahawia, kuta, mawe ya mafiga, baiskeli isiyo na magurudumu. Kila kitu, isipokuwa nyumba moja. Ilikuwa na bati lake, dirisha lake, mlango wake uliokuwa wazi, na mbele ya mlango ua mdogo wa mchanga mweupe. Nanga yao ilikuwa imelala katikati ya ua ule. Asya akashuka zaidi ili aone vizuri. Mchanga ulikuwa na mistari, mistari membamba iliyopinda pamoja, kutoka mlangoni hadi ukingoni.

Ua ulikuwa umefagiliwa.

Alipoibuka alikwisha kupata maelezo: mkondo wa maji unapita pale, basi. Akajikasirikia kwa kuyahitaji maelezo.

"Chini huko kuna mtu msafi kuliko mke wako," akamwambia Yasser, akiushika ukingo wa mashua. "Kafagia mpaka uani."

Yasser alicheka. Pontiani hakucheka.

"Kumefagiliwa?" akauliza mzee, kwa sauti ya chini.

"Ni mkondo wa maji, mzee."

"Mulango uko wazi ama umefungwa?"

"Mlango gani?"

"Dada, uko wazi?"

"Uko wazi."

Pontiani akakaa chini polepole, akaushika mlingoti kwa mikono miwili. "Tumeingia uani kwa mutu bila hodi," akanong'ona.

Yasser aliona hapo ndipo mahali pa kuonyesha tofauti kati ya mtu wa mjini na mtu wa kambini. Akachukua miwani kwa Asya, akainama juu ya maji na kupaza sauti ya madaha. "Hodi humo ndani. Wageni kutoka Bujumbura."

Akaruka.

Asya alipanda ndani, akajikausha uso. Kaka yake alivuta pakiti ya sigara kwa siku na kupanda ngazi ya ghorofa moja kulimtoa jasho. Hakuwa na uwezo wa kukaa chini ya maji hata nusu dakika. Asya akaanza kuhesabu kwa mazoea tu. Alipofika thelathini aliacha kujikausha. Alipofika sitini alisimama. Maji yalikuwa yametulia, hakuna hata povu. Alipofika mia alikwisha kuweka mguu mmoja ukingoni.

Yasser akaibuka upande wa pili wa mashua. Taratibu. Akaushika ukingo, akapanda, akakaa kwenye ubao huku mikono ameiweka juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa akae hapo angoje.

Hakuwa anahema.

"Ulikuwa wapi?" Asya akauliza. Akamshika mgongo. Jua lilikuwa la saa saba, na mgongo ule ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

Yasser hakumtazama dada yake. Alimtazama Pontiani, na sauti aliyotoa ilikuwa ya kwake, ila haikuwa na majivuno hata chembe.

"Anauliza kwa nini hukurudi."

Mzee akaufumbata mlingoti kwa nguvu zaidi. Asya alimgeukia, na kwa kuwa alikuwa na hofu na hakutaka kuiona, aliitia yote katika hasira.

"Nani anauliza? Mzee, unacheza mchezo gani na kaka yangu?"

"Simuchezei, dada."

"Basi sema."

Akasema. Alisema akitazama maji, kwa kunong'ona, kama anaogopa kusikika kule chini. Mwaka ziwa lilipopanda, yeye ndiye aliyekuwa na mtumbwi mkubwa. Aliwahamisha watu wa Misozi siku nzima, safari saba, watu na mbuzi na magodoro. Mwisho akabaki Mama Mwanvua peke yake. Alikuwa mjane. Kijiji kilimwita mchawi tangu mwaka ule surua ilipochukua watoto watano na yeye ndiye aliyeosha maiti zao. Alisimama mlangoni pake, maji yakimfika magotini, furushi kichwani. Hakupiga kelele. Alimwita Pontiani kwa jina.

"Nikamwambia, narudi. Nikafika ng'ambo na wale wa mwisho. Wakaniambia, Ponti, huyo mwache, ukimleta huku utatuletea yale yale. Mutumbwi wako tutauchoma." Akameza mate. "Nikawasha moto, nikanywa chai. Kutoka pale tulipokaa alikuwa anaonekana. Alisimama mpaka giza likaingia. Asubuhi, bati halikuonekana."

"Ulikunywa chai," akasema Asya.

"Dada, walikuwa wengi."

"Wengi walikuwa ufukweni. Mtumbwini ulikuwa peke yako."

Mzee akaanza kulia, kilio kikavu cha wazee, mabega yakitikisika. Yasser akainamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

"Anasema usijisumbue," akasema. "Anasema ulilia vizuri zaidi siku ile, ukiwa na kikombe mkononi."

Mzee alitaja chai tu, hakusema kwamba siku ile alilia. Hakuna aliyekitaja kikombe.

Upepo ukaanza upya, sasa kutoka kusini, mkali. Visiwa vile havikuukinga. Katika muda wa kufunga kitambaa tu, mawimbi madogo yakawa mawimbi, na mashua ikaanza kuvutana na kamba yake. Asya akaenda mbele kuipandisha nanga. Akavuta. Ikakaza. Akavuta kwa miguu na mgongo. Haikuja hata inchi. Kila wimbi lilipopita, ncha ya mashua iliinamishwa badala ya kuinuliwa, na maji yakamwagika ndani.

Akachungulia chini. Maji yalikuwa bado maangavu. Nanga haikuwa tena uani.

Kamba ilipita juu ya ule mchanga uliofagiliwa, ikaingia ndani ya nyumba.

Na mlango ulikuwa umefungwa juu ya kamba.

Alirudi nyuma, akakitafuta kisu cha jikoni kwenye sanduku la vyakula. Akakipata. Akarudi nacho mbele, akapiga magoti, akaweka makali juu ya kamba. Kamba ya kawaida, nene kama kidole gumba. Kazi ya dakika moja.

"Kata, dada," Pontiani akasema nyuma yake. "Kata, tuende. Nakuomba."

Lilikuwa lile neno, tuende. Asya aligeuka akamwona: uso umelowa, kofia ameikunja kifuani, anamtazama kwa macho ya mtu aliyezoea kusamehewa na watu wasiohusika. Akamwona pia kando ya ule moto, kikombe kikitoa mvuke, akitazama ng'ambo. Dharau aliyokuwa nayo kwa watu maisha yake yote, yote ikakusanyika pahali pamoja. Hajawahi kumchukia mtu vile.

Akakiondoa kisu kwenye kamba.

"Ulisema unarudi," akamwambia. "Basi rudi."

Hakupaza sauti. Wimbi likapiga. Maji yakaingia tena, yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yasser alikuwa amekaa vilevile, mikono magotini.

Pontiani alimtazama Asya kwa muda. Kisha akafanya kitu ambacho Asya hakukitarajia. Akaacha kulia. Akavua shati, akalikunja vizuri mara nne, akaliweka juu ya ubao mahali pakavu. Akasogea ukingoni, akainama juu ya maji.

"Hodi," akasema. "Hodi, Mama Mwanvua."

Akangoja, kama inavyopasa.

"Hodi."

Akaingia majini kwa miguu, bila kuruka.

Asya alishika ukingo. Alitaka kusema ngoja. Anasema mpaka leo kwamba alitaka. Alimwona mzee akishuka kwa mikono kuifuata kamba, mweupe wa nyayo, mdogo, kisha mdogo zaidi. Alimwona akifika chini. Alimwona akisimama mbele ya mlango, wima, kama mtu anavyosimama nchi kavu.

Mlango ukafunguka.

Wingu la tope likapanda na kufunika kila kitu. Asya akaishika kamba, ikalegea mikononi mwake.

Ilikuja nyepesi. Nanga ikatoka, safi, haina tope wala jani. Mashua iliyoachiwa ikageuka na kuanza kupelekwa na upepo. Asya akajitosa. Akazama mara ya kwanza, akakuta tope. Akazama mara ya pili, akashika chini kwa mikono, akapapasa. Tope. Matope laini hadi kwenye viwiko. Hakuna ukuta, hakuna bati, hakuna mchanga. Alipoibuka mashua ilikuwa mbali, na kaka yake ndani yake, amekaa, hajageuka. Ilimbidi achague. Akaifuata mashua.

Wavuvi wa Kizuka waliwakuta jioni hiyo na kuwavuta hadi nchi kavu. Walimtafuta Pontiani siku tatu, kwa nyavu na kwa ndoana. Hawakupata kitu. Mkubwa wao, mtu mmoja mnene aitwaye Revokatus, alimsikiliza Asya kwa adabu alipoeleza habari ya nyumba, kisha akatikisa kichwa.

"Pale hakuna nyumba, dada. Ya yule bibi ilianguka wiki ya kwanza. Bati lake tulilitoa sisi wenyewe, tukaezekea banda la mbuzi. Ukitaka nitakuonyesha."

Asya hakutaka kuonyeshwa.

Polisi waliandika kwamba mzee alishuka kufungua nanga, akazidiwa na maji. Asya alitia sahihi. Ile karatasi haikusema kisu kilikuwa mkononi mwa nani. Yasser alilala siku mbili chini ya mablanketi, akaamka na njaa, akauliza mzee yuko wapi. Alichokumbuka ni kwamba maji yalikuwa ya baridi na chini aliona majani tu. Baada ya wiki mbili alikuwa anasimulia dhoruba, na katika masimulizi yake ni yeye aliyeshika usukani. Asya alikaa pembeni akamsikiliza. Zamani angemkatiza kwa neno moja tu. Sasa hakuwa nalo.

Mke wa Yasser ndiye aliyesema mashua iuzwe. Ikapandishwa nchi kavu Bujumbura, na fundi wa rangi, Meshaki, akapewa kazi ya kuisafisha. Siku ya tatu alimpigia simu Yasser, Yasser hakupokea, akampigia Asya.

Asya alimkuta fundi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hafanyi kazi, anavuta sigara.

"Dada, hii rangi ilipakwa lini?"

"Miaka mitatu, minne. Na yule Mzungu."

"Sawa," akasema Meshaki. Akainuka, akamzungusha hadi mbele, upande wa kushoto, chini ya mstari wa maji, akaelekeza kwa brashi bila kugusa.

Kulikuwa na alama ya kiganja cha mkono. Cha mwanamume, kikubwa, kimezama ndani ya rangi kama vile mtu alibonyeza wakati rangi ikiwa mbichi. Mistari ya kiganja ilionekana. Vidole vilielekea chini. Na chini yake kulikuwa na kingine, kidogo, chembamba, cha mwanamke, na vidole vyake vilielekea juu. Kati ya ncha za vidole vya mmoja na ncha za vidole vya mwingine palikuwa na nafasi ndogo.

"Nimepiga msasa," akasema Meshaki. "Nimepaka mara mbili. Asubuhi vinakuwa vimetoka tena."

"Paka mara ya tatu."

"Nitapaka. Rangi iko." Akaizima sigara kwa kidole. "Sikukuitia hiyo, dada. Nimekuita kwa sababu ya hii nafasi hapa katikati. Jumatatu nilikuwa naingiza brashi yangu yote, hivi, inapita." Akaisogeza brashi karibu na ubavu wa mashua, akaigeuza upande, akaonyesha upana wake. "Leo haiingii."